Kamba Isiyokuwepo

Kidawa Hoza alipikwa akapikika. Hilo Siwatu Semboja angeweza kuliapia mbele ya yeyote, maana ndiye aliyempika, miezi minane iliyopita, katika ukumbi wa mafunzo wa kiwanda cha mkonge cha Kwamsembe. Alimvika kofia, akambonyezea kitufe, akamshika mabega alipolia, akamwandikia cheti chenye alama tisini na sita kwa mia. Na bado, Alhamisi saa tatu asubuhi, Kidawa alikuwa amekaa sakafuni kando ya korona namba mbili, mkono wa kulia umeviringishwa khanga ya mwenzake, na vidole viwili havimo.

"Samahani, Mwalimu," alisema. "Ni kosa langu."

"Nyamaza kwanza. Gari la zahanati linakuja."

"Ni kosa langu. Nilizembea."

Wote walisema hivyo. Kila aliyetoka chini ya kofia alitoka akiomba radhi, na fomu ya mafunzo ilikuwa na mahali pake kabisa: kukubali wajibu, alama ishirini. Siku zote Siwatu alizigawa alama hizo kwa moyo mkunjufu. Leo maneno yaleyale, yakitoka kwa mtu anayevuja damu, yalimchefua.

Korona ilikuwa imezimwa lakini ngoma yake ilikuwa bado inazunguka polepole, inatafuta kusimama. Ndiyo mashine inayochuna jani la mkonge: majani mabichi yanaingia upande mmoja, visu butu vya ngoma vinayapiga, makapi yanaanguka mferejini na singa, nyuzi nyeupe, zinatokea upande wa pili. Tangu viwanda vya magari vianze kutengeneza bodi kwa singa badala ya plastiki, korona za Kwamsembe hazikuwahi kupumzika. Mdomo wa ngoma ulitakiwa kufunikwa na kinga, bamba zito la chuma lenye matundu. Kinga ya namba mbili ilikuwa imeegemezwa ukutani nyuma ya chumba cha brashi cha kusugulia singa, mwaka wa pili sasa, kwa sababu makapi yalikuwa yanaganda nyuma yake na kuisafisha kulikula dakika arobaini kila zamu.

Jani likikwama, anayelisha korona ana kazi moja tu. Asogeze goti la kulia, agonge kitufe chekundu, mashine izime. Goti. Hata mtu aliyeshika mtoto angeweza.

"Kwa nini hukugonga kitufe?" Siwatu aliuliza. Alijua si wakati wake, lakini hakuweza kujizuia.

"Nilivuta kamba, Mwalimu."

"Kamba gani?"

Kidawa aliinua uso akatazama juu, upande wa kushoto wa korona, penye mabati ya paa na buibui. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akaanza kulia, na ilikuwa wazi kwamba kilichomliza wakati ule hakikuwa vidole.

"Ilikuwepo hapo," alisema. "Wallahi ilikuwepo."

Korona namba mbili ilifika kiwandani ikiwa mpya miaka sita iliyopita. Haijawahi kufungwa kamba.

Tunu, aliyekuwa akilisha upande wa pili na ndiye aliyekimbilia kitufe, alieleza alichokiona. Glavu ya Kidawa ilipovutwa, Kidawa hakupiga kelele. Aliinua mkono wa kushoto juu ya kichwa, akafumbata hewa, akavuta. Akafumbata tena, akavuta tena. "Mara mbili, Mwalimu. Kama mtu anayeteka maji kisimani. Na goti lake halikusogea."

*

Mchana, kwenye foleni ya chakula, mpishi alidondosha sinia la bati juu ya sakafu ya saruji.

Ulikuwa mlio mmoja tu, mkali, na foleni ilikuwa na watu kama sitini. Zaidi ya arobaini kati yao waliinua mkono wa kushoto juu ya kichwa na kufumbata. Kisha wakashusha mikono, wakaangaliana, wakacheka.

"Salamu ya dari!" mmoja akapaza sauti, na kicheko kikazidi.

Siwatu hakucheka, ingawa mwezi uliopita alicheka. Mzaha ule ulikuwa na jina, ulikuwa na wafuasi, ulikuwa umefika hata kwenye mechi za kiwanda, ambako timu ya korona ilikuwa ikishangilia goli kwa kuvuta kamba ya hewani. Walioingia kofia waliita kofia sufuria, na kuingia ndani yake walikuita kupikwa, na mkono kuruka juu kwa hofu ilikuwa alama ya mtu aliyeiva. Yeye, mwalimu mwenye diploma, mwenye ofisi na kabati, aliuona mkono huo kwa miaka miwili akadhani ni kichekesho. Alijichukia kwa hilo, akaacha sahani yake mezani, akaenda kumtafuta meneja.

*

Meneja Mafuru hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchosha Siwatu kupita yote. Mtu mbaya unamtukana moyoni na kuendelea na kazi. Mafuru alikuwa ameshapiga simu zahanati mara tatu, alikuwa ameshatuma gari kwa mama yake Kidawa, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Kaa, Mwalimu. Nimesikia habari ya kamba. Nitawaandikia watu wa kofia, watarekebisha."

"Watarekebisha nini, bwana? Tunajua kilichoharibika?"

"Hitilafu ya programu."

"Watu arobaini wanainua mkono uleule, upande uleule. Hiyo si hitilafu. Hayo ni mafunzo. Tumewafundisha kuvuta kitu ambacho hakipo, na wamefuzu."

Mafuru alijikuna kidevu. "Unakumbuka kabla ya kofia? Mimi nakumbuka. Majeruhi tisa kwa mwaka, Mwalimu. Tisa. Mabango ukutani, video, semina, soda na biskuti, na bado tisa. Tangu ulete kofia, wawili kwa mwaka. Hao saba wanakula kwa mikono yao kwa sababu yako. Unataka nizime kitu hicho?"

Ilikuwa kweli. Kofia ilifanya ambacho maneno hayakuweza. Haikumwambia mtu kwamba korona ni hatari. Ilimpa sekunde thelathini na nane za mtu ambaye korona ilimshika kweli. Miaka kumi na moja iliyopita, katika kiwanda kingine kikuukuu cha kampuni hiyohiyo, wafanyakazi walikuwa wakivaa utepe kichwani wa kupima uchovu. Siku moja utepe wa mtu mmoja ukarekodi kila kitu: jani lilivyokwama, mkono ulivyotangulia, glavu, mvuto, maumivu ya kwanza. Rekodi hiyo ikapunguzwa, ikasafishwa, ikaingizwa ndani ya kofia. Anayevikwa haioni kama sinema. Inakuwa kumbukumbu yake, kana kwamba ilimpata yeye, na mwili wake unaiogopa korona milele.

"Basi rudisha kinga," alisema Siwatu. "Kofia iwepo, na kinga iwepo."

"Nitairudisha. Msimu ukipungua. Sasa hivi dakika arobaini kila zamu sina." Mafuru alivuta droo, akatoa karatasi ambayo Siwatu aliijua vizuri. "Na sheria inaturuhusu. Panapokuwa na hatua mbadala iliyothibitishwa, kinga inaweza kuondolewa. Cheti chako ndicho hatua mbadala. Wewe ndiye kinga, Mwalimu."

Alisema kama mtu anayetoa sifa.

"Jumatatu wanaingia wapya kumi na wanane," aliendelea. "Zamu ya kwanza namba mbili, saa nne kamili. Wapike asubuhi."

"Nikikataa?"

"Usinifanyie hivyo." Sauti yake ilikuwa ya uchovu tu. "Ukikataa, nitakibonyeza mwenyewe kile kitufe. Kofia haina haja ya mwalimu, unajua. Ila wewe huwa unawashika mabega."

*

Jioni hiyo Siwatu alifungua rekodi ya kofia kwenye kompyuta ya ukumbini. Sekunde thelathini na nane, kisha mkato. Chini yake kulikuwa na faili la asili, limefungwa: dakika nne na sekunde ishirini na tano. Kumbukumbu ya mtu ni mali yake kisheria. Kampuni ilikuwa na haki ya kipande kilichokatwa tu. Faili zima lingefunguka kwa sauti ya mwenyewe. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwa herufi ndogo. Mhina Shekue, Muheza.

Watu mia tatu arobaini na wawili walikuwa wamepita chini ya mikono yake, na hakuwahi kusoma jina hilo mpaka mwisho.

Ijumaa aliomba ruhusa ya ugonjwa, akalinakili faili zima ndani ya kofia, akaitia kofia kwenye kikapu cha sokoni, akaenda Muheza.

Alimkuta kwenye ghala la machungwa. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mnene kiasi, amesimama mbele ya meza ndefu yenye mteremko, na machungwa yalikuwa yakibiringika kumpita huku mkono wake wa kushoto ukiyatoa mabovu bila yeye kuyatazama. Mkono wa kulia wa shati lake ulikuwa umekunjwa na kubanwa kwa pini.

"Shikamoo, mzee. Naitwa Siwatu Semboja. Ni mwalimu wa usalama Kwamsembe."

"Marahaba." Hakusimamisha kazi. "Wewe ndiye unayewapika?"

"Ndiye mimi."

"Wangapi mpaka leo?"

Alimwambia. Mhina Shekue alitikisa kichwa. "Watu mia tatu arobaini na wawili wamekuwa mimi. Na hakuna hata mmoja aliyekuja kunijulia hali."

Siwatu alikiweka kikapu chini. Alitaka kusema kwamba hakujua, lakini alijua kulikuwa na mtu. Hakutaka kujua ni nani. Basi akaeleza habari ya Kidawa, na mkono wa kushoto, na foleni ya chakula. Alipofika hapo Mhina aliyaacha machungwa yabiringike.

"Wanavuta," alisema.

"Wanavuta nini, mzee?"

"Kamba. Ilikuwa inaning'inia juu, kushoto. Ukishikwa unaivuta, korona inazima. Siku ya kwanza kazini ndilo jambo la kwanza tulilofundishwa, na mimi nilikuwa hodari. Nilishikwa, nikavuta palepale. Ikanijia yote mkononi." Alinyoosha mkono wa kushoto, kiganja juu, kana kwamba ile kamba bado imelala pale. "Kipande cha mita moja. Mwisho wake umekatwa kwa kisu."

"Nani aliikata?"

"Sikiliza kwanza ilikatwaje. Watu walikuwa wanaivuta mno. Jani likikwama, mtu anavuta, mashine inasimama, tani hazitimii. Wiki ile wakaikata huko juu, wakakiegesha kipande kining'inie, ili mkaguzi akipita aone kamba. Nyie mmekata kumbukumbu yangu hapo hapo. Mkono wangu mmeuacha hewani. Sasa unashangaa wenzio wanatafuta nini?"

Siwatu alikaa juu ya kreti.

"Wakitoka humo wanasemaje?" Mhina aliuliza.

"Wanasema samahani. Wanasema ni kosa langu, nilizembea."

"Kosa la nani?"

"Lao. Lako. Wanaona aibu, mzee. Kubwa. Wengine wanalia kwa aibu kuliko kwa maumivu. Nilidhani..."

"Mimi sikuona aibu hata chembe!" Vijana wa ghalani waligeuka. Mhina alishusha sauti, lakini ilikuwa inatetemeka. "Niliona hasira. Nilifanya kila kitu sawasawa. Nilikuwa nimeshika kile kipande cha kamba na nilikuwa na hasira ambayo sijapata kuwa nayo maishani, wala sijaimaliza mpaka leo. Hiyo aibu si yangu. Hata sijui wameiokota kwa nani."

Kwa hiyo ndivyo kofia ilivyotengenezwa. Walitoa hasira ya mtu huyu wakatia aibu ya mtu mwingine, ikawa dawa. Na dawa ilifanya kazi. Hapo ndipo Siwatu alipotamani kupiga kitu teke. Mtu mwenye aibu anajitazama mikono yake mwenyewe. Anakuwa mwangalifu, mpole, haulizi kinga iko wapi.

"Nipe yote," alisema. "Faili zima. Ulifungue kwa sauti yako, niwape wale kumi na wanane wa Jumatatu."

"Hapana."

"Mzee..."

"Hapana, mama. Umesikia ni dakika ngapi? Mashine ilizimwa na mtu wa mbali kabisa, alikimbia kiwanda kizima. Nilikuwa mle muda wote huo. Mimi usiku nikiota nashukuru Mungu kwamba niko peke yangu mle. Unataka nikaingize watoto wa watu?"

"Jumatatu watapikwa kwa kile kipande, nikiwepo nisiwepo. Meneja amesema atabonyeza mwenyewe. Watatoka wanaomba radhi, watasimamishwa mbele ya korona iliyo wazi, na siku ikiwashika watavuta hewa. Kama Kidawa. Nikiwapa yote nitakuwa nimewaumiza kwa mikono yangu. Nisipowapa, nitakuwa nimewadanganya kwa mikono yangu. Sina njia ya tatu, mzee, nimeitafuta usiku kucha."

Mhina alimtazama. Kisha akaangalia kikapu.

"Umekuja nayo?"

"Nimekuja nayo."

"Ingia wewe kwanza. Ukitoka, kama bado unataka, tutazungumza."

Alifungua faili kwa kutamka jina lake na la baba yake. Siwatu akavaa kofia, juu ya kreti ileile, katikati ya harufu ya machungwa.

Sekunde thelathini na nane za kwanza alizijua. Alizipitia siku alipofuzu ualimu, na hofu ilimjia kama ilivyomjia siku ile. Safari hii haikukatika. Mkono wake wa kushoto uliruka ukashika kamba, kamba ya kweli, ya katani, yenye mafuta, akaivuta, akajisikia amepona. Kisha ikaanguka yote. Kilichofuata hakuwa na maneno nacho, wala hakujaribu kuyatafuta baadaye. Ila ndani ya maumivu yale, imesimama wima, haiyumbi, kulikuwa na hasira. Ilikuwa safi. Ilijua hasa inamtaka nani. Na ndiyo iliyomweka macho yule mtu asizimie mpaka mashine ikazima.

Alipovua kofia Mhina alikuwa amechutama mbele yake, ameushika mkono wa kulia wa Siwatu kwa mkono wake mmoja, anaubinya vidole kimoja kimoja ili aone vipo.

"Vyote vitano," alisema taratibu. "Hesabu. Ni vyako."

Siwatu alihesabu. Alilia kwa ghadhabu, kama mtoto, kamasi zinamtoka, na hakuona haya.

"Bado unataka?"

"Ndiyo."

Mhina alinyanyuka kwa shida. "Basi sikia masharti yangu. Wataambiwa kila kitu kabla, asiyetaka asivae. Na mimi nitakuwepo. Hakuna mtu atakayetoka mle bila kuukuta uso wangu."

*

Jumatatu saa moja asubuhi, wapya kumi na wanane walikuwa wamekaa ukumbini na ovaroli zao mpya zenye mikunjo ya dukani. Meneja Mafuru alikuwa Tanga kwenye kikao hadi saa nne. Siwatu alisimama mbele yao akawaeleza: kofia ni nini, kumbukumbu ni ya nani, ilikatwa wapi na kwa nini, aibu ilitoka wapi. Akawaambia inauma namna gani. Akawaambia asiyevaa hatapata cheti, na bila cheti hakuna kazi ya korona. Akamwonyesha Mhina, aliyekaa kwenye kiti cha plastiki akiwa amevaa shati lake la Ijumaa.

"Dakika ngapi?" aliuliza jamaa mmoja mrefu aitwaye Chambuso, ambaye tangu alipoingia alikuwa akiwachekesha wenzake.

"Nne na nusu."

"Na kwa kawaida?"

"Nusu dakika."

"Sasa mama, si utupe tu hiyo ya kawaida tukafanye kazi?"

Watu walicheka, na baadhi yao hawakuwa wakitania. Siwatu aliizuia ghadhabu ya Ijumaa. "Naweza. Ndiyo niliyowapa wenzenu wote. Mmoja wao yuko hospitali, vidole viwili hana, na anaomba msamaha kwa kila anayeingia wodini."

Watano walinyanyuka, mmojammoja, wakatoka nje bila kumtazama. Hakuwalaumu. Mmoja wao alikuwa na mtoto mgongoni.

Chambuso alitangulia, labda kwa sababu alikuwa ameshasema mno. Mhina alisogeza kiti chake mpaka magoti yao yakagusana. Siwatu alibonyeza, akamshika mabega, na kwa dakika nne na nusu aliyasikia mabega hayo yakifanya mambo ambayo hakutaka kuyajua. Wengine walisimama. Mwanamke mmoja alianza kusoma dua kwa sauti.

Chambuso alifumbua macho akamwona Mhina. Vidole vyake vilihesabiwa. Hakuomba radhi.

"Nani aliikata?"

Mhina Shekue alifumba macho kidogo. "Fundi mmoja, alitumwa. Aliyemtuma naye ameshakufa," alisema. "Usihangaike nao. Mimi wamenimaliza miaka kumi na moja."

Baada yake akaingia Saumu Kilua, mwanamke mfupi wa makamo aliyekuwa amekaa nyuma tangu asubuhi bila kusema neno. Kisha wengine. Mmoja alitapika na kusema hataigusa korona maishani mwake, akakalishwa kivulini nje akipepewa, na Siwatu alijua kwamba huyo amemharibu yeye mwenyewe na hana wa kumsingizia. Ilipofika saa tatu na nusu wote kumi na watatu walikuwa wamepita. Hakuna aliyekuwa akilia kwa sauti. Ukumbi ulijaa pumzi nzito, na hakuna aliyesema samahani.

Siwatu alichukua daftari la vyeti. Akaliweka tena mezani bila kuandika.

"Mwalimu," alisema Saumu. Alikuwa amesimama dirishani, anatazama upande wa korona. "Namba mbili ndiyo ile?"

"Ndiyo."

"Iko wazi."

"Ndiyo. Kinga yake imetolewa."

"Iko wapi?"

"Nyuma ya chumba cha brashi."

Saumu aligeuka. Wengine kumi na mmoja waliobaki ukumbini nao waligeuka, na Chambuso akanyanyuka kitini. "Haitoki yenyewe," Saumu alisema. "Lazima mtu aandike kwamba inaruhusiwa. Nani aliandika?"

Siwatu alikuwa amejiandaa kwa maswali mengi. Alikuwa ameandaa majibu kuhusu kampuni, kuhusu sheria, kuhusu msimu. Angeweza kulitaja jina la Mafuru na lisingekuwa uongo. Alimtazama Mhina, lakini Mhina alikuwa akitazama sakafu, hakutaka kumsaidia.

"Mimi," alisema. "Kila mwisho wa mwezi naandika kwamba mafunzo yangu yanatosha, kinga haihitajiki. Miaka miwili sasa. Nimeweka sahihi mara ishirini na nne."

Hasira iliyomgeukia aliijua. Ilisimama wima, haikuyumba, ilijua hasa inamtaka nani. Alikuwa ameibeba mwenyewe kwenye kikapu kutoka Muheza.

Saumu Kilua alivuka ukumbi akasimama mbele yake, karibu kabisa. Alikuwa mfupi, ilibidi ainue uso.

"Basi nyanyua miguu," alisema. Hakumwita Mwalimu. "Lile bamba zito. Utashika upande mmoja."